Kipimo cha Nusu Saa

Vuorisalo, 14 Januari 2004

Mpendwa Outi, binti wa ndugu yangu,

Nakusalimu, nawe msalimie Jyrki pamoja na goti lake. Mume wa miaka hamsini anayeshindana na vijana wa kazini kwake kuteleza kwenye theluji hastahili pole nyingi, lakini mpe hiyo iliyopo. Sisi huku hatujambo. Baridi imefika nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, kuni zinatosha, na samaki wadogo tuliowavua kwa wavu chini ya barafu wamejaa nusu ya friza. Ziwa limeganda vizuri. Wanakijiji wamekwisha kuchomeka miche ya misonobari kuonyesha njia ya magari juu ya barafu, kwa hiyo sizunguki tena hadi kwenye pantoni ninapompeleka baba yako mjini kusafishwa damu. Safari tatu kila wiki si jambo dogo. Yeye hulala njiani, au hujifanya amelala ili nisimsomeshe.

Habari ya kijiji ni moja. Reino Tuhkanen, jirani yetu mwenye trekta, ameoa. Ana miaka sabini na mmoja. Bibi arusi ni mjane wa mpiga kinanda wa kanisani, na inasemekana amekuja na kinanda chenyewe. Baba yako alisema, "Basi Reino atajifunza kuimba, au atajifunza kukimbia."

Sasa jambo lenyewe. Leseni yangu ya udereva ilikuwa inaisha, na kwa umri wangu lazima daktari atie sahihi. Daktari wa kituo cha afya ni mpya. Aliangalia kompyuta yake, akasema kwamba mwaka jana nilikosa kufika kwa miadi miwili. Nilimwambia kuwa mtu anayemuuguza ndugu yake kipofu ana haki ya kukosa miadi miwili. Akatabasamu, akanipeleka kwa mwanasaikolojia, kijana aitwaye Tuukka, ambaye shati lake halikupigwa pasi.

Alinipa kipimo cha akili kilichochukua nusu saa. Kwanza alitaja maneno, nami nikaeleza maana zake. Kisha alinionyesha michoro yenye pengo, nikachagua umbo la kuliziba. Mwishoni alijumlisha, akaniangalia kwa macho mengine.

"Mia moja ishirini na saba," alisema. "Wastani wa watu ni mia moja, Mwalimu."

"Na wewe una ngapi?"

"Haturuhusiwi kujipima wenyewe."

"Ndivyo wasemavyo wenye tisini," nikamwambia.

Daktari ametia sahihi. Nakuandikia kwa sababu wewe nawe unapima watu huko kliniki ya kumbukumbu, na kwa sababu ulipokuja Novemba ulinitazama kila nilipochukua funguo za gari. Nadhani sasa tunaweza kuliacha hilo.

Shangazi yako,
Taimi Karvinen


Kuopio, 2 Februari 2004

Shangazi mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na baba. Goti la Jyrki limetolewa maji, naye ametolewa majivuno. Theluji ya hapa imeanza kuwa ya kijivu kama ilivyo kila mwaka, na kazini foleni ya wagonjwa imefika miezi mitano.

Hongera kwa alama zako. Nazisema hizi hongera kwa dhati. Sijawahi kushangazwa na wewe kujua maana ya neno. Umefundisha lugha miaka thelathini na minane, na nusu ya mji ule ikijua kuandika ombi la kazi, ni kwa sababu yako.

Lakini umeniandikia kwa sababu ya kazi yangu, basi niruhusu nijibu kwa kazi yangu. Kipimo alichokupa Tuukka ni kizuri kwa shughuli yake. Kinauliza vitu viwili: maneno uliyojikusanyia tangu utotoni, na uwezo wa kuona mpango katika michoro iliyo mbele ya macho yako. Ni kama kuingia ghalani na kuhesabu magunia. Hakiulizi kama gunia la leo asubuhi limefika ghalani. Hakuna hata swali moja ndani yake linalokutaka ukumbuke jambo kwa dakika kumi. Watu wengi ambao kumbukumbu yao imeanza kulegea hupata alama za juu katika maneno, kwa sababu maneno ndiyo hukaa hadi mwisho.

Kuna jambo jingine, nalo naliandika polepole. Sisi tunatumia kipimo hicho kutaka kujua mtu amesimama wapi maishani mwake mwote, ili tujue kama ameshuka. Mia na ishirini na saba ni juu sana. Mtu wa kiwango hicho hakosi miadi miwili.

Naomba uje Kuopio tukufanyie kipimo kirefu, cha siku nzima, chenye kumbukumbu ndani yake. Si mimi nitakayekupima.

Mwanao,
Outi


Vuorisalo, 20 Februari 2004

Mpendwa Outi,

Salamu. Baba yako ana kikohozi kidogo, lakini anakula. Nimeoka mikate ya unga mweusi wa rai yenye uji wa mchele ndani. Alikula minne, akasema wa marehemu mama yako ulikuwa na chumvi zaidi. Hiyo ndiyo shukrani ya wanaume wa ukoo wetu. Nasi tuna habari ya kijiji ambayo hujaisikia. Reino Tuhkanen, jirani yetu mwenye trekta, ameoa. Ana miaka sabini na mmoja. Bibi arusi ni mjane wa mpiga kinanda wa kanisani, na inasemekana amekuja na kinanda chenyewe.

Barua yako nimeisoma. Ina koma mbili mahali pasipo pake, na hoja moja mahali pasipo pake.

Ulipokuwa ukiandika tasnifu yako uliketi kwenye meza ya jikoni kwangu, ukanisomea kwa furaha kwamba kipimo kifupi na kipimo kirefu hukubaliana karibu kila mara. Nakumbuka hata sweta uliyovaa. Leo kipimo hicho hicho kimenisifu mimi, nacho ghafla hakijui kitu. Niambie: kama ningepata themanini, ungeniandikia kwamba kipimo kinahesabu magunia tu? Au ungekuja na gari kubeba funguo?

Mwalimu hawezi kumwambia mwanafunzi kuwa mtihani ni wa haki anapoanguka na si wa haki anapofaulu.

Tena nijibu hili. Wewe mwenyewe, huko kliniki, mwenye foleni ya miezi mitano, unawapima watu kwa kipi?

Nimeendesha gari tangu mwaka wa hamsini na tisa, na sijawahi kugonga hata sungura. Baba yako hana mwingine. Teksi ya hospitali ipo, naijua, lakini sijazaliwa nimwachie mtu wa kukodi ambebe ndugu yangu kama kifurushi.

Shangazi yako,
Taimi


Kuopio, 5 Machi 2004

Shangazi mpendwa,

Nakuamkia. Mpe baba asali kwa kikohozi, ingawa si nyingi, kwa sababu ya sukari yake. Jyrki ameanza kutembea bila fimbo na tayari anaangalia bei za viatu vya kutelezea.

Swali lako ni la haki, nami nalijibu kama ulivyouliza. Ungepata themanini, ningekuandikia maneno haya haya. Mwaka jana aliletwa kwetu mkata miti kutoka Juuka, mtu wa maneno machache. Alipoulizwa maana ya neno ambalo hakuwa na hakika nalo kabisa, alisema, "Sijui." Unawajua watu wetu: kubahatisha ni aibu, na kusema usilo na hakika nalo ni kama kujisifu. Sharti la kipimo ni kwamba mtu akishindwa mara kadhaa mfululizo, unaacha. Aliyempima naye ni mtu wa huku, akaona si adabu kumsukuma. Wakaandika sabini na nne, na familia ikaanza kuzungumza habari ya msimamizi wa mali. Tulipompa kipimo kirefu, na tukampa muda wa kunyamaza, alikuwa mtu wa kawaida kabisa mwenye haya. Namba yake ndogo ilikuwa imepima haya yake. Namba yako kubwa imepima miaka yako thelathini na minane ya kufundisha. Zote mbili ni za kweli, na hakuna hata moja iliyojibu swali la daktari.

Kuhusu tasnifu yangu: ukiwapima watu elfu moja, vipimo hivyo viwili vinakubaliana. Mimi sina mashangazi elfu moja.

Habari ya Reino uliniandikia Januari, kwa maneno yale yale. Nimeziweka barua mbili pamoja mezani.

Naomba uje.

Mwanao,
Outi


Vuorisalo, 18 Aprili 2004

Mpendwa Outi,

Nisamehe kuchelewa kwa barua hii. Nilikuwa na shughuli. Baba yako ni mzima. Pasaka tulikula pudingi ya rai na krimu, naye alisikiliza ibada redioni na kumkosoa askofu. Ziwa limeanza kufunguka, bata wamerudi, na ua limejaa matope.

Gari liko kwa fundi. Ni unyevunyevu umeingia kwenye nyaya za umeme, jambo la kawaida majira haya. Kwa wiki hizi mbili Reino amekuwa akituendesha, na mkewe huja naye, wakiimba kwa sauti mbili njia nzima. Baba yako anasema figo zake zinasafishwa mjini na masikio yake yanachafuliwa njiani.

Kuhusu zile barua mbili mezani kwako: habari nzuri huandikwa mara mbili.

Hukujibu swali langu la mwisho. Niliuliza wewe unawapima watu kwa kipi.

Shangazi yako,
Taimi


Kuopio, 25 Aprili 2004

Shangazi mpendwa,

Nakuamkia. Hatujambo. Leo sina habari nyingine za nyumbani.

Swali lako sikulijibu kwa sababu jibu halinipendezi. Kila siku natumia kipimo kifupi. Foleni ni ndefu, na mkuu wetu anahesabu vichwa. Ninaowatilia shaka huwaita tena kwa kipimo kirefu. Nisiowatilia shaka huenda nyumbani na namba nzuri, kama wewe. Hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu kipimo kile, na ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Baba alinipigia simu Jumatano, ulipokuwa sauna, kwenye bafu la mvuke. Usimkasirikie. Nakuandikia alivyosema.

"Outi, mwanangu, nisikilize upesi, amekwisha kumwaga maji ya kwanza kwenye mawe."

"Kuna nini, baba?"

"Tulizama. Kidogo."

"Kuzama kidogo ndiko kupi?"

"Mpaka magotini. Usipige kelele."

Akanieleza. Jumamosi ya mwisho ya njia ya barafu, wewe na Reino na wengine mlikwenda kuing'oa miche, kama kila mwaka, ili mtu yeyote asipite tena. Uliibeba mwenyewe mikononi. Ulirudi nyumbani ukinuka utomvu, ukamwambia, "Tauno, njia imefungwa, kuanzia Jumatatu ni pantoni." Jumatatu asubuhi ulifika ufukweni ukakata kona kushoto, kwenda ziwani. Ulimkumbusha baba afungue mkanda, na ukateremsha vioo, kama inavyotakiwa barafuni ili watu watoke upesi gari likizama. Kisha akasikia maji chini ya magurudumu.

"Taimi, tunakwenda wapi?"

"Hospitali. Wapi tena?"

"Mbona kuna maji? Miche ipo?"

"Haipo. Wahuni wameing'oa."

Hapo mbele ya gari pakashuka. Mlikuwa bado kwenye matete, namshukuru Mungu, ambako maji ni ya magotini. Ulimshika baba mkono ukamtoa vizuri. Reino alikuja na trekta na kamba, akalivuta gari.

Shangazi, ulikumbuka kanuni zote za njia ya barafu: mkanda, vioo, mwendo. Kama Tuukka angekuuliza maana ya kila moja, ungepata alama zote. Ulichosahau ni kwamba njia yenyewe haipo, nawe ndiye uliyeiondoa juzi yake.

Ningeweza kumwandikia daktari wako. Sijaandika, na sitaki nichukue funguo zako kwa mgongo wako, wewe uliyenilea kila kiangazi. Lakini aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni ni baba yangu. Gari likitoka kwa fundi kabla hujaja Kuopio, nitaandika. Mwenzangu Marjukka ana nafasi tarehe kumi na tisa Mei. Hakujui, hukumfundisha, na hana haraka.

Mwanao,
Outi


Vuorisalo, 20 Juni 2004

Mpendwa Outi,

Nakusalimu katika wiki ya usiku mweupe usio na giza. Ijumaa inayokuja watu watawasha mioto ya sikukuu ya kiangazi ufukweni, na Reino amekwisha kuonywa kuhusu kuimba. Mbu ni wengi. Baba yako anasema ndio pekee wanaomtoa damu bila karatasi ya daktari.

Marjukka amekwisha kunitumia ripoti. Nilimkataza kukuonyesha, nami namshukuru kwa kutii. Nakueleza mwenyewe. Naweza kueleza kwa sababu jioni ya siku ya kipimo niliandika kila kitu, nikijua sasa kwa nini niandike.

Maneno nilipata yote, hata lile ambalo Marjukka mwenyewe alikiri baadaye kuwa hulichanganya. Michoro vilevile. Kufikia saa ya kahawa nilikuwa nimekwisha kuitunga kichwani barua ya kukuaibisha. Baada ya kahawa aliniuliza, "Taimi, ile hadithi niliyokusomea asubuhi, nisimulie unachokumbuka."

Nikamwambia, "Hujanisomea hadithi yoyote."

Hakubishana nami. Nikamwambia tena, kwa sauti ya darasani, kwamba kama kuna kosa katika utaratibu wake alirekebishe. Akasema polepole, "Nilikusomea mara mbili, Mwalimu. Na ulisema ina mwisho dhaifu."

Outi, nimezoea kusahau. Kila mtu wa umri wangu husahau miwani. Sikuwahi kuogopa kusahau. Niliogopa ule uhakika wangu. Nilikuwa na hakika kama nilivyo na hakika kwamba naitwa Taimi. Bila shaka ndivyo nilivyokuwa na hakika juu ya wahuni.

Daktari nimemwandikia mimi mwenyewe, barua ya mistari minne, nikamrudishia leseni ndani ya bahasha. Gari fundi ameliuza kwa msichana wa posta. Dawa nimeanza, Marjukka anasema haiponyi, inachelewesha tu, na nampenda kwa kusema hivyo bila kupamba. Mwezi Septemba nitarudi kwake. Ile mia moja ishirini na saba ya Tuukka sijaitupa. Nilikwenda kumwona na kumweleza hadithi nzima ya ziwa, ili siku nyingine amwulize mwalimu mstaafu kitu ambacho hakijawahi kuwa darasani. Alitoa kalamu. Shati lilikuwa limepigwa pasi.

Wewe sikushukuru bado. Labda mwakani.

Sasa tunakwenda mjini kwa teksi ya hospitali. Dereva ni mwanamke wa Nurmes anayependa nyimbo za dansi ya tango redioni, na hambebi baba yako kama kifurushi; humwita "bwana mkubwa," jambo linalomharibu. Mimi hukaa nyuma pamoja naye. Miaka yote niliyomwendesha nilikuwa naangalia barabara, sikuwahi kumweleza kilichoko nje. Sasa humwambia: mti gani umechanua, nani amepaka nyumba rangi mbaya, nani ameanika nini. Juzi, tukirudi, tulipita shamba la Reino, linaloanzia kwenye pantoni.

"Kuna korongo wawili," nilimwambia. "Mmoja anatembea, mwingine amesimama kama mkaguzi wa shule."

"Umeshaniambia, Taimi. Tangu tuliposhuka pantoni."

"Ulisikia vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi sikiliza tena."

Akasikiliza.

Shangazi yako,
Taimi